Umeme Unaokwenda na Kurudi

Tangu nistaafu, haipiti wiki mbili bila mmoja wenu, mafundi vijana, kunipigia simu na swali lile lile: "Mama Vero, transfoma inachemka lakini kilowati hazijazidi. Nifanyeje?" Nimejibu nikiwa shambani Butiama, nimejibu nikiwa kanisani, na mara moja nimejibu nikiwa kwa daktari wa meno, jambo ambalo daktari hakulipenda. Kwa hiyo nimeamua kuandika. Sitaeleza nilipandishwa cheo lini, kwa kuwa hilo halijawahi kupoza transfoma yoyote. Nitaeleza nilivyofundishwa, nilivyoharibu, na siku moja pale Bunda ambayo mpaka leo nikiikumbuka huwa natembea kifua mbele.

Nilifika karakana ya umeme ya Musoma nikiwa na cheti kipya cha ufundi umeme, viatu vya kuazima, na uhakika mkubwa kwamba najua kila kitu. Nilikuwa msichana pekee. Fundi mkuu wa mota alikuwa Mzee Salumu, mtu mfupi mwenye kofia ya kufuma, baba yake Mnyamwezi wa Tabora na mama yake Mjita wa hapo hapo ziwani. Alikuwa anasuka mota zilizoungua: anatoa waya wa zamani, anahesabu mizunguko, anasuka waya mpya wa shaba, anapaka vanishi, anaoka. Mkono wake ulikuwa na alama za kuungua mpaka kwenye kiwiko. Alinitazama kuanzia kofia mpaka vile viatu, akasema, "Karibu, binti. Cheti weka kwenye begi kisije kikachafuka. Njoo huku."

Alikuwa na mota moja mezani, imetoka kusukwa. Haikuunganishwa na mashine yoyote, shafti yake, ule mhimili unaozunguka, ilikuwa wazi hewani. Akaiwasha. Akanipa klampu mita, ile ya kukumbatia waya, nipime. Nikasoma ampia sita. Halafu akanionyesha wati-mita iliyokuwa ukutani, mshale wake umeinuka kidogo tu, kama mtu aliyeitwa lakini hana haja ya kwenda.

"Kwenye waya zinapita ampia sita," akasema. "Mota haifanyi kazi yoyote. Wati-mita inasema hakuna cha maana kinachotumika. Sasa huo umeme wote unaenda wapi?"

Nikasema unapotea kwa joto. Akaniambia niishike mota. Ilikuwa ya baridi. Nikasema labda klampu ni mbovu. Akanipa nyingine, ikasoma ampia sita vile vile.

"Hauendi popote," akasema Mzee Salumu. "Unaenda na kurudi. Mota haiwezi kuzunguka bila sumaku. Inachukua umeme kujenga sumaku, halafu sumaku inabomoka, umeme unarudi ulikotoka. Mara mia moja kila sekunde. Wati-mita inahesabu umeme uliofanya kazi tu. Huu unaorudi haiuhesabu. Lakini waya unaubeba, binti. Unaubeba ukienda na unaubeba ukirudi, na waya haujali kama umebeba kazi au umebeba matembezi."

Kanuni yake niliisoma chuoni na mtihani niliupasi vizuri. Nguvu halisi ni kilowati, nguvu ya sumaku ni kilovari, na nguvu ya jumla ambayo waya na transfoma zinaibeba ni KVA. Niliweza kuvitamka usingizini. Nilichokuwa sijui ni kwamba vitu hivyo vipo kweli, na kwamba mtu anaweza kuvishika mkononi kwa klampu.

Jambo moja liliendelea kunisumbua. Mzee Salumu alipima mota nyingine yenye mzigo: kilowati tatu, kilovari nne. Nikajumlisha nikapata saba. Akacheka. Mita ilisema KVA tano. "Kahesabu tena nyumbani kwenu," akasema, "ukirudi Jumatatu uniambie saba imekuwaje tano."

Jumamosi hiyo nilipanda gari kwenda Butiama. Baba yangu alikuwa mwashi, na siku hiyo alikuwa anaweka msingi wa nyumba ya katekista wa kigango chetu. Nilimkuta na kamba yake, anatafuta skwea ya kona. Alipima futi tatu upande mmoja, futi nne upande wa pili, halafu akavuta kamba ya mshazari kutoka ncha hii hadi ncha ile.

"Ngapi?" akaniuliza.

"Tano, baba."

"Basi kona imekaa."

Nilibaki nimeshika ncha ya kamba kama mtu aliyeshtuliwa. Tatu, nne, tano. Nguvu ya kazi ni ukuta mmoja, nguvu ya sumaku ni ukuta wa pili, nazo zinakutana kwenye kona ya skwea, kila moja na njia yake. Transfoma inabeba mshazari. Huwezi kujumlisha kuta mbili ukasema ndio mshazari. Na ukitaka mshazari upungue bila kugusa ukuta wa kazi, unafupisha ule ukuta wa sumaku. Baba aliniuliza kama nimeumwa na siafu. Nikamwambia amenifundisha umeme. Alisema yeye anajenga tu, umeme niwaachie wenyewe.

Jumatatu nilimweleza Mzee Salumu habari za kamba. Hakunisifu, kwa sababu hakuwa na tabia hiyo. Alichukua chaki akachora ile pembetatu kwenye mlango wa kabati la vifaa. Siku hiyo ndipo alipoanza kuniita Vero.

Kufupisha ukuta wa sumaku kunafanywa na kapasita. Nayo inachukua umeme na kuurudisha, ila kwa zamu iliyo kinyume na ya mota: mota ikichukua, yenyewe inatoa, mota ikitoa, yenyewe inachukua. Ukiiweka karibu na mota, hizo mbili zinarushiana kati yao, na waya mrefu wa kutoka kwenye transfoma unapumzika. Ni dawa nzuri. Na kama dawa zote, nilipoijua tu nikaanza kumpa kila mtu, mgonjwa na mzima.

Hapo ndipo ninapofika Kisorya, na sitaruka, kwa sababu hakuna kati yenu ambaye hajaisikia kwa namna fulani. Bwana Shabani alikuwa na kiwanda kidogo cha barafu karibu na kivuko, anahudumia wavuvi wa sato na sangara. Umeme wake ulikuwa wa jenereta, na jenereta ilikuwa inalalamika. Nikaenda peke yangu, nikapima, nikaona sumaku nyingi, nikafunga kapasita kubwa moja kwa moja kwenye waya mkuu. Jenereta ikatulia. Nikala samaki nikashiba. Kesho yake asubuhi mota ya kugandishia barafu ilizimwa ili isafishwe, zikabaki taa tu na zile kapasita zangu. Sasa hapakuwa na mota ya kurushiana nayo. Zikaisukumia jenereta nguvu zote, volti zikapanda kama maziwa jikoni. Taa zikapasuka moja baada ya nyingine, kadi ya kuendeshea mashine ya barafu ikaungua, na redio ya Bwana Shabani ikakata katikati ya taarifa ya habari.

Mzee Salumu alikuja mchana. Sikuwahi kuogopa kama nilivyoogopa aliposhuka kwenye gari. Alizunguka, akaona, akaniambia kwa sauti ya chini, "Vero, umempa sumaku mtu ambaye hakuihitaji. Kapasita inatakiwa iingie na mota yake na itoke na mota yake. Kama mke na mume kwenye msiba." Halafu akavua kofia, akakunja mikono, tukatengeneza siku tatu. Bwana Shabani alitupa chai kila saa nne, na hakunisemesha mpaka barafu ya kwanza ilipotoka. Aliponisemesha alisema tu, "Mafundi mnasomaga kwenye mali zetu." Alikuwa sahihi.

Miaka ikapita. Mzee Salumu akastaafu, macho yakapungua nguvu, akahamia kwa binti yake pale pale Musoma. Mimi nikawa ndiye ninayeitwa kwenye kesi ngumu. Na kesi ngumu kuliko zote ilikuja miaka michache kabla sijastaafu, kwenye kiwanda kimoja cha kuchambua pamba huko Bunda.

Ulikuwa msimu mzuri, wakulima walikuwa wamevuna kuliko kawaida. Kiwanda kilikuwa na mashine ishirini na nne za kuchambulia, na transfoma ya KVA mia mbili. Wakiwasha mashine zote, baada ya dakika ishirini breka kuu inaruka, kiwanda kizima kinanyamaza. Kwa hiyo walikuwa wanawasha nusu. Uwanja ulikuwa umejaa pamba mpaka getini, na malori mengine yamepanga foleni barabarani kuelekea Kabasa. Maturubai hayakutosha hata robo. Na kila alasiri mawingu yalikuwa yanajikusanya juu ya ziwa, yanasogea kidogo, yanarudi. Kila mtu alijua siku moja hayatarudi. Pamba ikilowa inageuka rangi, inaoza, na kazi ya mwaka mzima inatupwa.

Nilipofika nilimkuta mama mmoja amekaa juu ya marundo yake, ametoka Guta, jina lake Mama Nyamisi. Alikuwa hapo siku ya nne. Akanitazama na begi langu la vifaa.

"Dada yangu, wewe ndiye fundi?"

"Ndiye mimi, dada."

"Hiyo mashine inaumwaga nini? Kila siku wanasemaga kesho."

Nikamwambia bado sijaipima. Akasema, "Basi pima haraka. Mimi hayo mawingu nayaona."

Ndani nilimkuta meneja, Bwana Mugeta, mtu muungwana aliyekuwa hajalala vizuri, na Injinia Fredi, kijana aliyeletwa na kampuni yenye kiwanda. Fredi alikuwa na elimu kunizidi na alikuwa na heshima, nasema hivyo mapema ili msimchukie.

"Shikamoo, Mama. Transfoma ina ubovu wa ndani," akasema. "Nimepima mzigo wote: kilowati mia moja na hamsini. Transfoma ni ya mia mbili. Haiwezi kuwa imezidiwa. Tumeagiza nyingine, itafika baada ya wiki tano."

"Marahaba, mwanangu. Umepima ampia?"

"Mita ya kilowati ni mpya, Mama. Haidanganyi."

"Haidanganyi. Imejibu swali ulilouliza. Ila transfoma inauliza swali lingine."

Nikaomba wawashe mashine zote kwa dakika tano tu. Nikakumbatia waya kwa klampu. Ampia mia tatu sitini na moja. Transfoma ile mwisho wake ni mia mbili themanini na tisa. Nikamwonyesha Fredi, akatikisa klampu, akapima mwenyewe, akapata ile ile. Nikatoka nikazunguka kwenye mota. Zilikuwa mota kubwa mno, zilinunuliwa zikiwa zimetumika, za nguvu ya farasi ishirini zikifanya kazi ya farasi wanane. Mota kubwa kwenye kazi ndogo haipunguzi sumaku yake. Inataka sumaku ya ukubwa wake wote.

Nikakaa kwenye gunia la mbegu, nikahesabu kwenye daftari. Kilowati mia na hamsini, ukuta mmoja. Kilovari mia mbili, ukuta wa pili. Mshazari wake ni KVA mia mbili na hamsini, ndizo zile ampia mia tatu sitini na moja. Ilikuwa tatu, nne, tano, nzima nzima kama ilivyokuwa siku ile Butiama. Transfoma haikuwa mbovu hata kidogo. Ilikuwa inabebeshwa mia mbili na hamsini, na mia na hamsini tu ndizo zilizokuwa zinachambua pamba.

Nikamwambia Bwana Mugeta kwamba sihitaji transfoma mpya. Nahitaji kapasita sita, kila moja kilovari ishirini na tano. Akauliza zitapatikana wapi. Kwenye stoo yetu Musoma kulikuwa na tisa, zilitolewa kwenye kinu cha mafuta kilichofungwa, zimekaa chini ya vumbi kwa miaka. Mkuu wangu wa kazi alikataa kusaini. Alisema kapasita kuukuu zinaweza kulipuka, na injinia wa kampuni ameshasema ni transfoma. Nikasaini mwenyewe, jina langu peke yake kwenye fomu.

Nilipima zote tisa, moja moja. Tatu zilikuwa zimekufa. Sita zilikuwa nzima. Sijawahi kufurahia hesabu kama hiyo.

Kabla sijaondoka nilimpitia Mzee Salumu. Alikuwa amekaa barazani, macho hayaoni vizuri lakini masikio yako kazini. Nikamsomea namba zote. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza neno moja: "Na Kisorya?"

"Nimekumbuka, Mzee. Mashine ziko kwenye makundi sita, nne nne. Kila kundi nalipa kapasita yake, kwa kontakta yake, swichi inayojiachia yenyewe. Kundi likizimwa, kapasita inatoka. Na kila kundi linataka sumaku zaidi kidogo ya ile ninayolipa, kwa hiyo haitazidi."

"Nenda," akasema. "Mwenyezi Mungu akutangulie. Na usisahau kuzikausha umeme kabla hujazishika, hizo huwa zinakaaga na umeme hata kama umezima."

Tulifunga tangu asubuhi mpaka saa tisa alasiri, mimi na mafundi wawili wa kiwanda, na Fredi, ambaye alivua shati lake jeupe akashika spana bila kuambiwa. Tulipomaliza, wafanyakazi wote walikuwa wamejazana mlangoni, na nyuma yao wakulima. Upepo ulikuwa umegeuka. Ulikuwa unatoka ziwani, una harufu ya maji.

"Ukiunguza transfoma hii, Mama," Bwana Mugeta akaniambia taratibu, "msimu umekwisha."

"Nitasimama hapa hapa kwenye swichi," nikasema. "Ikiungua itaniunguza mimi kwanza."

Tukawasha mashine zote ishirini na nne, kapasita zikiwa bado nje. Nikamweka Fredi kwenye mita ya kilowati, mimi nikashika klampu. Nikasema kila mmoja asome kwa sauti.

"Mia na hamsini!" akaita Fredi.

"Mia tatu sitini na moja!" nikaita.

Nikaingiza kapasita ya kwanza. Klampu ikashuka: mia tatu thelathini na tatu.

"Fredi?"

"Mia na hamsini ile ile, Mama!"

Ya pili. "Mia tatu na sita!"

"Mia na hamsini!"

Mashine zote zilikuwa zinanguruma. Nikaingiza ya tatu, nikaangalia klampu, nikaangalia tena ili nisiite uongo. "Mia mbili themanini na mbili!" Tulikuwa tumeingia ndani ya uwezo wa transfoma. Fredi akageuka kunitazama, mdomo wazi, halafu akageuka kwenye mita yake haraka kama anayeogopa itamtoroka. "Mia na hamsini! Mama, mshale haujasogea hata kidogo!"

"Hautasogea! Kazi ni ile ile!"

Ya nne, mia mbili na sitini. Ya tano, mia mbili arobaini na mbili. Ya sita, mia mbili ishirini na nane. Niliita ile ya mwisho kwa sauti ambayo mama yangu asingeikubali. Hapo mlangoni mtu akapiga kigelegele, wakafuata wengine, na wafanyakazi wakaanza kupiga mabati ya mashine kwa viganja. Hakuna aliyekuwa anajua kilovari ni nini. Walijua namba inashuka na mashine hazizimi.

Dakika ishirini zikafika. Nilikuwa nimeshika mkono wa Fredi, au yeye wangu, sikumbuki. Zikapita. Nusu saa. Saa nzima. Breka ikatulia mahali pake. Bwana Mugeta akaja polepole, akaniuliza kama sasa anaweza kuwasha na mashine ya kushindilia marobota, ambayo tangu kiwanda kijengwe haikuwahi kuwashwa pamoja na nyingine. Nikapiga hesabu kichwani, nikasema washa. Klampu ikapanda mpaka mia mbili sabini na tano ikasimama. Robota la kwanza likatoka limefungwa, jeupe, zito, wanaume wanne wakalibeba wakiimba.

Niliazima simu ya Bwana Mugeta, yangu chaji ilikuwa imekwisha, fundi umeme mzima. Nikampigia Mzee Salumu, nikainua simu kuelekea mashine. Alisikiliza muda mrefu.

"Zote?" akauliza.

"Ishirini na nne, na ya marobota."

"Alhamdulillahi," akasema. Na baada ya miaka yote ile, akaongeza, "Fundi."

Tulichambua mchana na usiku kwa zamu, siku sita. Malori yaliingia yamejaa yakatoka na marobota. Fredi aliweka daftari la ampia za kila kundi, na kila kundi lilipozimwa alikimbia kuhakikisha kapasita yake imetoka. Siku ya tatu alinifuata akasema, "Mama, chuoni nilipata alama za juu kwenye somo hili." Nikamwambia hata mimi. Tukacheka mpaka mafundi wakaja kuuliza kuna nini.

Siku ya saba asubuhi, lundo la mwisho lilikuwa linaingizwa ndani, nami nilikuwa nafunga begi langu. Mama Nyamisi pamba yake ilikuwa imepita tangu siku ya pili, lakini hakuondoka. Alikuwa amebaki kuwasaidia wenzake kubeba. Alikuwa amesimama getini, mikono kiunoni, akitazama ziwani.

"Dada," akaniita. "Yale yanakuja."

Mvua ilivuka Guta kama ukuta, ikafika na kishindo, ikapiga mabati mpaka mashine hazikusikika. Tulitoka wote, mimi, Fredi, Bwana Mugeta na tai yake, wabeba mizigo, wakulima, tukasimama katikati ya uwanja tukilowa mpaka kwenye mifupa, tukicheka kama watoto. Uwanja ulikuwa mweupe kwa maji tu. Hapakuwa na pamba hata konzi moja ya kulowa.